Zamu ya Usiku

Hakuna sahani. Usitafute.
Sisi wa kiwanda cha pareto, zamu ya usiku,
tulipiga fanki Jumamosi, ukumbi wa Bondeni,
vumbi la maua lingali puani,
Shitanda akienda chafya katikati ya ngoma
na Gathogo akiidaka ile chafya kwa besi,
hata ikawa sehemu ya wimbo.
Watu waliingojea.

Besi yenyewe ilikuwa na nyuzi tatu.
Wa nne ulikuwa waya wa breki ya baiskeli,
ukinguruma kama garimoshi linalopanda Mau.

Mimi? Mbeba spika.

Mwaka mmoja tulichanga nauli ya kwenda studio, Nairobi:
shilingi mia tatu na arobaini ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.
Wiki hiyo binti wa Chelule akaugua.
Hakuna aliyeitisha mkutano.
Kopo likaenda hospitali,
mtoto akarudi nalo, kalikumbatia,
tupu.

Leo ni mama mzima, anashona sare za shule Kaptembwo.
Juzi nilimpeleka mjukuu akapimwe kaptura.
Cherehani ikaanza,
tatu za haraka, moja ya kuchelewa,
kisha kimya kidogo,
pale pale palipokuwa na chafya.

Nikamwuliza, hilo pigo umelitoa wapi?

"Pigo lipi, mzee?"
akasema, mguu hausimami.