Mai

Kifungo hicho cha shaba usikitie mdomoni, Zaituni.
Ndege wake ana vichwa viwili;
kimoja nimekisugua kwa ndimu miaka mingi
hadi kimefutika.

Kilikuwa kotini kwa Mitia,
baharia wa miaka kumi na tisa,
masikio mekundu kama kamba wa kuchemsha,
katika manuwari ya Kirusi
ambayo jina lake babu yangu, Bwanaheri Shekuwe,
alilitamka kila siku namna nyingine.

Babu alikwenda Bukini kudai deni la kaka yake.
Deni hakulipata. Alipata kazi:
kupakia makaa, gunia kwa gunia, miezi miwili,
hadi bohari zikajaa, wakayamwaga
vyumbani mwa kulala, mabafuni,
chini ya meza ya afisa naye yuala.
Meli ikadidimia kwa uzito.
Mkanda wake wa chuma, uliokuwa ndio kinga,
ukazama bandarini, kabla ya adui.

Walingojea risasi.
Yakaja makasha ya viatu vya manyoya.
Kwa joto lile!
Wakanunua kasuku, wakanunua komba,
na kinyonga mmoja wakampa cheo.

Siku ya kiu babu alimwonyesha Mitia kata:
"Mai."
Kijana akacheka hadi akakaa juu ya gunia.
Kwa vidole, na kwa Kifaransa cha mpishi Mngazija,
akaeleza: kwao mai ni mwezi,
ule wa barafu kuuachia mto,
wa mitofaa kuchanua nyeupe
nyuma ya nyumba ya mama yake.
Ikawa ndiyo salamu yao. Mai! Mai!
Mmoja akitaja kiu,
mwengine akitaja kwao.

Kifungo kilikatika akiinua gunia.
Babu akakiokota: nitamrudishia kesho.
Kesho yake waling'oa nanga.
Alikwenda kudai,
akarudi Amu anadaiwa.

Hesabu niliiandika nyuma ya risiti ya saruji:
miaka minne ya kuijenga,
miezi minane ya kutumika,
dakika arobaini za kupinduka na kuzama.
Mlango wetu huu wa Mkomani
ulichongwa miaka miwili,
na jana tu umenibana kidole.

Habari ilifika Mfungo Saba,
wageni wa Maulidi wangaliko mjini.
Karani wa posta aliileta barazani
pamoja na bei ya ufuta.
Watu wakamshangilia Mjapani.
Babu akauliza ilikuwa mwezi gani.
Si wetu. Wao.
"Mei," karani akasema.
"Mai," akasema babu,
na karani, akidhani aomba maji,
akamletea kikombe.
Akanywa. Angefanyaje?

Kwa fedha ya makaa alinunua punda,
akamwita Manuwari.
Huyo alibeba chokaa na matumbawe
miaka ishirini na miwili,
hakuwahi kushinda vita vyovyote,
ila siku moja alimpiga teke mtoza kodi.
Alipozikwa nyuma ya Langoni,
mama anakumbuka, babu alisimama muda mrefu mno
kwa mtu aliyefiwa na punda.

Wataka kukishona kwenye sweta ya shule?
Haya, lete sindano.
Uzi ukunje mara nne, mwanangu.
Hiki kina tabia ya kukatika,
na mwenyewe
hatujamrudishia.