Wiki ya Kumaliza Friza

Wiki hii menyu haina jina. Tunapika kilichobaki:
piza za mraba, mahindi ya kopo,
soseji zilizolala barafuni tangu kabla ya Krismasi.
Bi Darlene, mkuu wa jiko, anataka friza ibaki nyeupe,
tuione hadi kutu yake.

Nje, kiwanda cha kando ya mto kinachemsha oti
na Cedar Rapids nzima inanukia uji
kama nyumba yenye mzazi.

Ndani, shule imefumuka mishono.
Makabati ya korido yametapika:
chungwa lililoota manyoya, ripoti ya Machi
ambayo baba fulani angali anaingoja.
Kwenye meza ya vilivyopotea, makoti thelathini na moja
na glovu moja moja, kila moja mjane wa mwenzake.
Theluji iliondoka bila kuaga,
wenye makoti nao vivyo hivyo.

Jumanne walivuta kamba, walimu huku, darasa la nane kule.
Mwalimu mkuu, Bwana Halvorsen, alikaa chini bila kupenda
kwenye majani mabichi; suruali ikabaki na ramani.
Nilicheka hadi kofia ya wavu ikanivuka.

Mimi siwajui kwa majina. Nawajua kwa tarakimu.
Kila mtoto, sinia mkononi, hubonyeza namba zake tano,
mashine yangu ikalia ti, akapita.
Yupo 38852, adui wa kila kitu cha kijani.
Yupo 41160, anayesema asante mara mbili,
ya pili akiwa ameshageuka.
Yupo 40718, anayebonyeza kwa gumba, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa watu waliolala.

Huyo, mwezi wa Februari, mashine ilimwakia nyekundu: deni.
Siku ya kwanza nikasema, mbovu hii, pita.
Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu nikaizaba kofi mbele yake
ili uongo upate shahidi.
Darlene alikohoa tu.

Leo Alhamisi, kitabu cha mwaka kimetoka.
Wanasainiana mezani, sakafuni, mgongo wa huyu ukiwa dawati la yule.
Usibadilike, wanaandikiana kwa wino wa zambarau,
na wanabadilika wakiandika:
sauti ya mmoja imevunjika katikati ya neno.
Nami nimo, ukurasa wa sitini na moja,
nimekunja uso, upawa mkononi.
Naitwa Mwanahawa. Wameandika Hawa.
Sawa. Watoto hawa, na Hawa wao.

40718 akaja na sinia tupu, kitabu wazi juu yake.
"Nisainie."
Jalada la ndani lilikuwa na sahihi nne,
moja ya mwalimu wa hesabu, moja yake mwenyewe.
Ndipo nikalisoma jina, baada ya miaka mitatu ya chakula:
Kolby Vondracek.

Nikaandika neno moja. Ushibe.

"Maana yake?"
Hapo Kiingereza kikaniishia. Kwao mtu hujaa,
kama ndoo, kama maegesho ya magari.
Nikamwambia ni dua inayoanzia tumboni, kisha inapanda.
Akatikisa kichwa, ameelewa nusu,
nusu nyingine akaitia mfukoni.
Hatua tatu, akageuka.
"Ile mashine yako," akasema, "ilipona?"

"Inajitahidi," nikasema.
Hakucheka. Alinitazama kama mtu mzima
anavyomtazama mtu mzima, kisha akakimbia
kwa sababu alikuwa na miaka kumi na minne
na mabasi ya njano yalikuwa yanaunguruma.

Darlene amezima friza; inadondosha maji, tone, tone.
Nimekunja aproni. Nimeshika plastiki ya kufunikia mashine,
lakini gumba limetangulia lenyewe:
nne, sifuri, saba, moja, nane.

Nyekundu.

Nikaizaba kofi.