Mweka Hazina

Ufunguo wa kabati ninao mimi, daftari ninalo mimi,
Effie Buchan, mwaka wa ishirini na sita huu
katika kanisa la mawe juu ya bandari ya Peterhead.
Najua nani hutoa kimyakimya na nani hutoa kwa kishindo.
Najua bomba la joto lilipasuka lini
na fedha ya kuliziba ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye hisa za kampuni ya mafuta,
wosia wa marehemu Forbes, Mungu amrehemu.
Kila robo mwaka tulimkama ng'ombe yule.
Paa likaezekwa, kinanda kikapona kikohozi,
wala hatukuuliza ng'ombe analishwa nini.

Novemba, Jumapili ya mvua ya kukata maneno,
akaingia Struan, mjukuu wa dada yangu,
na wenziwe thelathini, wametembea toka Inverness,
soksi zikilia chwa, chwa, hadi mbele ya madhabahu.
Bango lao la shuka lilisema DUNIA YOTE NI MALI YA BWANA,
ila mvua ilikuwa imelamba maneno mawili ya mwisho.
DUNIA YOTE NI MALI.
Hamish Cordiner akacheka hadi akashika mbavu.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu matone yanayodondokea zulia.

Struan alisoma barua ya mchungaji Tioti wa Kiribati:
maji ya chumvi yamefika kwenye kaburi la mamake,
wamelifukua, wamemhamisha,
na sasa wanatafuta pa kumhamishia tena.
"Bibi," akaniambia mbele ya watu, "uzeni hizo hisa."

Bibi! Kama vile hajui.
Sandy wangu alikaa majuma mawili baharini, mawili nyumbani,
hadi juma lile ambalo hakurudi.
Ovaroli yake niliifua mara tatu, harufu ikagoma.
Harufu hiyo imesomesha watoto watatu, mmoja daktari.
Na mafuta, nyumbani kwangu, hayakuwa ya aina mbili:
yale aliyoyachimba,
na yale kasisi aliyonipaka kipajini usiku wa kilio.
Yote yaliteleza vivyo hivyo. Yote niliyapangusa kwa kiganja hikihiki.

Barazani Hamish alipiga meza:
"Katika mji huu mkono upi hauna mafuta? Nionyesheni!"
Mama Kasisi Catriona, binti wa mchimbaji,
akauweka wake mezani, kiganja juu,
asiseme neno. Nao ulikuwa nayo.
Kura: kumi kwa tisa, hisa ziuzwe.
Mimi nilikuwa katika tisa.

Lakini saini ni yangu.
Jumatatu nikashuka na koti mwilini, joto tumelizima.
Sanduku la hati liko chini kabisa ya dawati,
na cha mvunguni kina sharti lake;
magoti yangu yana miaka sabini na minne.
Nikainama. Huko chini, nikipapasa gizani,
nikataka kusali,
nikaona nimekwisha kuanza.

Nilitia saini. Sikusikia malaika.
Niliwaza tu kaburi la mama yule,
na Sandy asiye na kaburi,
na bahari, kwamba ni moja, haina kwako wala kwangu.

Siku hizi tunasali tukitoa moshi midomoni kama farasi.
Safu ya mapato ina mistari mitupu ambayo sijapata kuiona.
Kwenye mmoja nimeandika kwa penseli:
blanketi kumi na mbili za sufu, kutoka kwa H. Cordiner,
aliyezileta usiku, akaziacha mlangoni, akadhani sikumwona.
Thamani yake bado sijaijaza.