Aliyefungwa Jana

Uwanjani Matopeni, kabla kipenga hakijalia,
watoto hugawana timu kwa sheria yao:
aliyefungwa jana ndiye anayechagua kwanza.
Hakuna aliyeiandika. Niliikuta pale
pamoja na mawe mawili ya goli.

Mimi ni wa daftari.
Miaka kumi na mmoja naandika jina, siku ya kuzaliwa
(asiye na cheti namwandikia "mwaka wa mafuriko"),
nani anadaiwa shilingi ishirini za maji,
nani kaja na kiatu cha kulia tu
kwa sababu cha kushoto kavaa nduguye.

Ukurasa wa arobaini na mbili: Kisilu Mutiso, miaka minane.
Anakimbia kama anayefukuzwa na mwenye nyumba.
Goti lilipovimba nililikanda kwa maji ya chumvi.
Nauli ya mechi za Ruaraka ilitoka kwenye pesa zangu za mkaa.
Sidai. Nasoma tu kilichoandikwa.

Amefika kumi na minne, wakaja watu wa Tausi,
klabu yenye nyasi na mabweni kule Karen,
na koni za rangi ya machungwa na saa ya kuhesabia pumzi.
Wakampima urefu, wakampima mbio,
wakamtazama meno, sijui ya nini.
Kisha mmoja akasema, "Huyu ni wetu."
Hata "tunamwomba" hakuikumbuka.
Wakatuachia mipira mitano
na bango la nembo yao. Kwenye picha
nimelishika mimi, nimefumba macho.

Usiku nikapiga hesabu: miaka sita kwa mipira mitano,
kila mpira ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku kumi na mbili.
Alhamisi mmoja ukapasuliwa na msumari.

Binti ya kaka yangu, muuguzi Melbourne, akanipigia.
"Shangazi, huku mpira wao ni kama yai,
na timu iliyoburuta mkia
ndiyo hutangulia kuchagua vijana."
Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Wazee wa suti wamefika
walipo watoto wa Matopeni!
"Ila," akasema, "zipo klabu zenye vitalu vyao.
Mche ukiota ndani ya ua wao,
foleni inapindishwa kidogo. Wanazozana kila mwaka.
Wenyewe wanasema: tusingepanda, kusingeota."
Nami nikakubali, maana ni kweli.
Nikauliza, "Na aliyeleta mbegu?"
Salio likaisha, sijui la nani.

Sasa nisome ukurasa niliotaka kuuruka.

Kisilu hakuota kwetu.
Nilimwona Saika, timu ya fundi viatu mmoja,
Wekhomo, vijana kumi na wawili, vifua wazi.
Sisi tulikuwa na jezi.
Nikamwinamia mtoto sikioni:
kwetu kuna jezi, na uji kila Jumamosi.
Fundi alisimama kando, gundi imemkauka vidoleni,
hakusema neno.
Mimi sikumwachia hata mpira mmoja.
Hata bango.

Jana nimekwenda Saika na mipira miwili kwenye kiroba.
Kibanda ni kilekile, timu haipo tena.
Nikaanza maelezo yangu, ya Karen, ya nyasi,
ya haki na nani apate nini,
maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga njiani.
Alishona mpaka mwisho wa uzi, akaukata kwa meno.
Mipira hakuitazama.
Akauliza, "Siku hizi anavaa namba ngapi?"

Nikafungua daftari.
Nikapekua mbele, nikapekua nyuma.
Sikuwa nimeandika.