Daftari la Bi Shinuna

Jumatatu walituletea vishikwambi ishirini
na skana moja, nyeupe kama jino jipya,
katika gari la Wizara lililotoka Maskati.
Yaarub, fundi, akanionyesha pa kutia sahihi, mara tatu,
akasema, "Mwalimu, hii inasoma chochote."
Nikamwuliza chochote ni nini.
Akacheka. Akala tende mbili, akanywa kahawa, akaenda zake.

Maktaba yetu hapa Ibra ni chumba kimoja.
Kiyoyozi kinakohoa.
Rafu ya jiografia imeinama upande wa Asia.
Wasichana huingia saa ya mapumziko kufuata baridi,
kisha kitabu huwanasa, kama mgunga unavyonasa shela.
Silalamiki. Baridi nayo ni mwalimu.

Muzna wa darasa la tisa alikuja na daftari la bibi yake,
limefungwa kwa mpira wa chupa za dawa.
Bi Shinuna alikuwa na duka Buyenzi, kule Bujumbura,
na madeni aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu,
wino wa buluu, mwandiko wa haraka
wa mwenye wateja mlangoni.
Muzna herufi anazijua zote, lugha haijui.
Mimi lugha ninayo, macho ndiyo yaliyochakaa.
Basi tukaiwasha skana.

Mwanga ukapita chini ya kioo.
*Inafikiri*, ikaandika. Neno lake hilo, si langu.
Kisha ikatutolea Kiarabu:

Nimekufa. Sabuni.
Nimekufa. Sukari. Haisomeki. Deni.
Nimekufa. Haisomeki. Haisomeki. Kahawa.
Nimekufa.

Muzna akaurudisha mkono wake mapajani.
"Bibi alikuwa mgonjwa?"

Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.
Mimu. Te. Dhuma juu yake.
Mashine imeona *mittu*, ikasoma kwa lugha iliyofundishwa.
Bi Shinuna aliandika *mtu*.
Mtu, sabuni.
Mtu, sukari, atalipa Ijumaa, deni.
Mtu mwenye baiskeli, kahawa.
Aliowajua aliwaandika majina;
wasio na jina nao aliwakopesha.

Tukamtumia ujumbe wa sauti, yuko Mudhaibi kwa mwanawe.
Jibu likaja, nusu yake kicheko:
"Iambieni hiyo mashine yenu, maiti hakopi sukari!
Na huyo wa baiskeli alilipa.
Nilisahau kumfuta. Mfuteni."

Hatukumfuta.

Sasa tunasahihisha kwa mkono,
Muzna akitaja herufi, nami nikimpa maneno,
naye akiyarudia kinywani kama mtu anayeonja chumvi.
Ukurasa wa kwanza umekula mapumziko manne.
Kwenye orodha ya kompyuta kuna kisanduku: *Lugha*.
Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kiurdu.
Mwisho kabisa: *Nyingine*.
Nikabonyeza hapo, nikaona haya,
kama niliyemwacha mgeni barazani na viatu vyake mkononi.
Nimemwandikia Yaarub. Amejibu kwa kidole gumba.

Lakini daftari langu la kuazimisha bado ni la karatasi,
na jana, chini ya majina ya wasichana,
nimeandika kwa herufi za Bi Shinuna, polepole:

Mtu wa maktaba. Daftari moja.
Hajarudisha.