Kwapani

Nguo ya mtumba, alisema mama, haikaguliwi kifuani,
hukaguliwa kwapani.
Basi pale Broughty Ferry, sebuleni kwa mtu nisiyemjua,
viatu nimevivua mlangoni bila kuambiwa,
nimelilaza gitaa lake kifudifudi mapajani
na kupitisha kidole pale shingo inapoungana na bega.

Mwenyewe ameduwaa. Bwana Auchterlonie,
jina lenye nyuzi nyingi kuliko gitaa.
Nimelijaribu mara mbili nikaishia njiani.
"Niite Erskine," akasema. "Unatafuta nini huko?"
"Jasho," nikajibu,
nikajua nimekosea neno, sikulibadilisha.

Kumi na mbili. Nimezihesabu
kama tulivyohesabu soksi za robota, mbili mbili,
kila mmoja na mwenziwe,
pacha wanaosema neno lile lile
mmoja akitangulia nusu ya pumzi.
Hilo tu ndilo nililolifuata, ile nusu ya pumzi.
Miezi minne nakunja mashuka ya hospitali zamu ya usiku,
pembe kwa pembe, naisikia kichwani.

Kisha akaanza kulisema vibaya gitaa lake mwenyewe.
Daraja limeinuka, ona, na tumbo limevimba,
nyuzi hizi huvuta kama wadai,
usiku zilegeze, usiliweke karibu na hita.
Hapa palipasuka, nikatia gundi mwaka ule wa theluji kubwa.
Na huu mwembamba wa jozi ya tatu, huu hukatika.
Kila mara ni huu.
Nikamtazama. Sokoni kwetu Morogoro
muuzaji angekufa kabla ya kulitaja tundu.

Bei: pauni mia na arobaini.
Nilikuwa nimejiandaa. Koti nililovaa ni lile baya, makusudi.
Nikaguna mguno wa mama, ule wa puani,
nikasema sabini,
nikangoja aape kwa wanawe,
aninyang'anye gitaa, niondoke hadi mlangoni, aniite.

Akasema, "Haya. Sabini."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile.
Ni kama kusukuma kwa bega mlango uliokuwa wazi
ukaanguka ndani pamoja na mzigo wako.
Hapo ndipo nilipoviona vidole vyake vya kushoto,
vimekunjika, havinyooki,
vimetulia juu ya goti kama vya mtu mwingine.

"Tisini," nikasema.
Akakunja uso. "Umesema sabini."
"Mia."
"Hujui kununua wewe."
Tukaafikiana tisini na tano na kikombe cha chai,
na aliyepandisha ni mimi. Mama asisikie.

Kwenye basi la kurudi Lochee sanduku lilipata kiti chake.
Mvua ilikuwa imelala juu ya mto Tay, haina haraka.
Nguo zote nilizovaa utotoni zilitoka huku:
sketi yenye nembo ya shule nisiyoijua,
sweta lenye jina la mtoto, Kirsty, limeshonwa shingoni,
nikaitwa Kirsty darasa la tatu lote.
Leo nimekuja kwenye kwapa lenyewe,
nimelipa, na nimeomba radhi kwa kulipa kidogo.

Jikoni, saa tano usiku, nikaanza kuzipatanisha.
Ni kazi ya mshenga: huyu mvute, yule mbembeleze,
rudi kwa wa kwanza, ameshabadili mawazo.
Kumi zikakubali. Wa kumi na moja ukanuna, ukakubali.
Ule mwembamba wa jozi ya tatu
ukapiga ukelele, ukanichapa kifundo cha mkono.

Nikacheka peke yangu. Si alinionya.
Nikapiga hivyo hivyo, na kumi na moja,
na kila nilipofika pale palipobaki mjane
sauti ilishuka kama ngazi iliyopungua kidato,
mguu unakwenda, unatafuta,
haukuti,
unafika.