Inchi Mbili

Verlin ameishusha Ford ya thelathini na mbili
hata sigara haisimami chini yake.
Sasa shokapu za mbele hazina pa kukaa:
ukizisimamisha, zinagonga fremu;
ukizilaza mno, ni mapambo.

Amekata breketi za kadibodi
kutoka boksi la kifungua kinywa cha mwanawe,
akazijaribu, akazitupa. Mara tano.

"Acha nafasi ya kushuka," anasema Odessa, taa mkononi.
"Na ya kupanda."
Inchi mbili huku, inchi mbili kule.

Usiku wa Bakersfield unanuka vitunguu na chuma kilichochomelewa.
Alfajiri anailalia fremu kwa kifua chote, kisha anaiachia:
gari linainuka, mara moja tu,
linatulia
kama mtu aliyemeza neno.